Dole Gumba la Mashine Namba Mbili

Wewe ulimwona. Usianze kuniambia ulikuwa ng'ambo ya barabara. Jumatano ile, saa tisa na nusu mchana, Jackline Tluway alipotolewa kwenye intaneti kafe ya Godson huku wanaume wawili wamemshika mikono, wewe ulikuwa pale stendi ya Karatu na chupa ya soda mkononi. Ukainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vya kutumbukiza. Ulipoinuka, Landkruza nyeupe ilikuwa imeshakata kona ya kituoni, na neno la kwanza lililokutoka mdomoni lilikuwa: "Sasa kesho kafe watafungua?"

Mimi sisahau. Nakumbuka redio zilipotakiwa leseni, marehemu baba akaificha yake chini ya mahindi ghalani, wewe ukasema ni utaratibu tu. Nakumbuka mwaka wa kuhamia vijijini, jina likiandikwa Jumatatu na paa likishushwa Ijumaa, ukasema ni utaratibu tu. Februari mwaka 2006 kikaja hiki kinachojiita Kitengo cha Uangalizi wa Mtandao, na Waraka wake Namba Saba: kila atakayegusa kompyuta ya umma aandike jina, kijiji, balozi wake wa nyumba kumi, na sababu ya kuingia. Ukaandika. Mara nne. Nimeliona jina lako. Mwandiko wako mzuri, hongera.

Basi kaa nikueleze daftari ulilosaini lilifanya kazi gani siku ya pili yake.

Sajini Clemensi Margwe aliingia kafe saa mbili asubuhi, Alhamisi Kuu. Alikuwa mpelelezi wa miaka kumi na tisa kazini, mzaliwa wa Endabash, mtu wa maneno machache. Kesi alikuwa amekabidhiwa jioni iliyopita na Bwana Sylvesta, afisa wa Kitengo, mwenye suti ya kijivu na simu mbili. Bwana Sylvesta alimwomba mkuu wa kituo kitu kimoja tu: apewe mpelelezi anayesema Kiiraqw. Clemensi alikuwa amelisikia hilo na kuliweka akilini.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne tarehe 11 Aprili, saa nane na dakika ishirini mchana, barua pepe ilitoka mashine namba mbili ya Godson, ikaenda kwa magazeti mawili ya Dar es Salaam na wanunuzi kumi na tisa wa vitunguu, wengine wa Nairobi na Mombasa. Aya sita, picha tatu. Ilisema bomba jipya limechomekwa kwenye chemchemi ya Mang'ola, linapeleka maji shamba la mkubwa mmoja, na Mfereji wa Tatu umebaki tope. Jina la mkubwa lilikuwa limepakwa wino mweusi hata ndani ya jalada la polisi. Anwani iliyotuma haikuwa na jina la mtu, ilikuwa ya Mfereji wa Tatu. Daftari la kafe likasema aliyekaa mashine namba mbili saa hiyo ni Antonia Qamara wa Mang'ola. Watu wa Kitengo wakateremka Mang'ola, wakarudi na jibu kwamba Antonia anayejua kompyuta hayupo. Kwa hiyo, kwa hesabu yao, Jackline mhudumu ndiye aliyeitunga barua, akaandika jina la uongo daftarini. Leo saa kumi na mbili jioni angepakiwa kwenda Arusha. Kesho Ijumaa Kuu, mahakama imefungwa, na ingebaki imefungwa mpaka Jumanne. Siku tano msichana yuko mikononi mwa watu ambao ofisi yao haina hata namba mlangoni.

"Karibu, Afande," alisema Godson, mwenye kafe, mtu wa Machame aliyehamia Karatu na kompyuta nne na dishi moja. "Nimefunga, lakini kwako nimefungua."

Clemensi alimpita. Alikwenda moja kwa moja mashine namba mbili, akakaa, akafungua daftari alilokuja nalo kama kielelezo.

"Nani anaandika humu?"

"Jackline anaandika. Wateja wanasaini. Asiyejua kusaini anaweka dole."

Clemensi alipitisha kidole kwenye safu ya sababu. Waongoza watalii walikuwa wameandika kusoma barua za wageni. Wanafunzi, matokeo. Mmoja ameandika mchumba. Mmoja ameandika mambo yangu, na kuyapigia mstari. Kisha akaanza kuokota mistari ya Mang'ola peke yake, akiihamishia kwenye kijitabu chake. Tarehe 2 Machi, Yohani. Tarehe 10, Isaya. Tarehe 18, Goodness. Tarehe 26, Veronika. Tarehe 3 Aprili, Sebastian. Tarehe 11, Antonia. Wote mashine namba mbili. Wote sababu moja: bei ya kitunguu. Hakuna aliyekuja mara mbili.

Alihesabu siku kati ya mstari na mstari. Nane. Nane. Nane. Nane. Nane.

"Mashine nyingine zina kiti kimoja kimoja," alisema. "Hii ina viwili."

"Jackline aliomba. Anawasaidia wazee. Mimi nilimwambia, binti, hii ni biashara, siyo kliniki." Godson alicheka peke yake, akaacha. "Afande, nikuambie kitu? Yule siyo mwenye akili ya barua kama ile. Mtafute Tobiko, mwongoza watalii, yule Mmasai wa Ngorongoro. Ana kamera ya dijitali aliyoachiwa na Mjerumani. Picha zile za bomba nani mwingine angepiga?"

Clemensi alitoa picha tatu zilizochapwa kutoka kwenye barua, akazipanga mezani kama karata.

"Tazama pembeni. Nini hiki?"

"Mstari mweupe."

"Ukingo wa karatasi. Na hapa kuna alama ya kidole, na hapa pamekunjika. Kamera ya dijitali haikunji kona. Hii ni picha ya filamu, imesafishwa studio, imelazwa kwenye skana. Mashine hizi nne hazina skana."

Godson alitazama mlango wa chumba cha nyuma. Alichelewa kuurudisha uso.

"Fungua," alisema Clemensi.

Skana ilikuwa juu ya friji ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwenye mkufu shingoni mwa Godson.

"Ulizilaza lini picha hizi?"

"Afande, mteja akileta picha..."

"Lini?"

"Tarehe tatu. Yule mzee Sebastian alizileta kwenye bahasha."

"Kwa hiyo siku nane kabla barua haijatumwa ulishaona bomba. Ukamwambia nani?"

Godson alikunja kitambaa mara nne, kisha akakikunjua. "Mimi leseni yangu inaisha mwezi wa sita," alisema. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na Clemensi aliliandika kama lilivyo.

*

Jackline alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu na kanga ya kuazima mabegani. Alikuwa msichana wa Rhotia, miaka ishirini na mbili, amemaliza kidato cha nne. Macho yalikuwa yamevimba lakini hakuwa analia.

"Umekula?"

"Chai."

"Nani aliandika barua?"

"Jina liko daftarini, Afande."

"Wanasema jina hilo ni la uongo."

"Wanasema."

"Jackline, saa kumi na mbili unaondoka. Huko Arusha hutaulizwa na mimi."

"Najua. Yule Bwana ameshaniambia. Amesema nikitaja wote sita nalala nyumbani leo." Alivuta kanga. "Sasa mimi nikamwuliza, Bwana, si unayo majina sita hapo mbele yako? Akanipiga kibao. Noma kweli. Mtu anakuuliza kitu, ukimwonyesha anakupiga."

Clemensi aliweka daftari kwenye benchi. Kisha akafungua pedi ya wino, akamwonyesha ishara ya kuleta mkono. Alichukua dole gumba la kulia, akalibonyeza kwenye karatasi nyeupe, halafu la kushoto. Akaweka karatasi kando ya mstari wa tarehe 11, ambapo Antonia Qamara alikuwa ameweka dole badala ya saini. Akachukua lenzi.

Dole la Jackline lilikuwa safi, mistari yake imezunguka kama maji kwenye beseni. Dole la daftarini lilikuwa pana, limechakaa, na katikati yake mstari mtupu mweupe ulipita mshazari kutoka chini ya ukucha mpaka kwenye kifundo. Kovu. Tena siyo moja: pembeni yake kulikuwa na jingine dogo, na jingine, yote yameelekea upande mmoja.

"Antonia anafanya kazi gani?" aliuliza.

Jackline alipangusa wino kwenye dole.

"Sawa. Usiseme." Alifunga lenzi. "Anayekata majani ya kitunguu anashika kisu hivi, anavuta kuja kwenye dole. Mama yangu alikuwa akikatia watu vitunguu. Alikuwa na dole kama hili."

Msichana alimtazama kwa mara ya kwanza. "Usiende Mang'ola, Afande," alisema kwa Kiiraqw, sauti ya chini. "Wale hawatamwambia mtu wa suti. Wewe watakwambia."

*

Kabla ya kuwasha pikipiki Clemensi alipita nyumba ya wageni ya Eunike, nyuma ya stendi. Polisi hukagua vitabu vya wageni kila wiki. Eunike, mjane wa Kimeru mwenye aproni ya maua, alimsogezea kitabu bila kuulizwa, akaendelea kukatakata sukumawiki.

"Bwana Sylvesta yuko chumba namba ngapi?"

"Namba sita. Analalamika maji ya moto. Nikamwambia, baba, hapa ni Karatu, maji yanachemshwa kwa kuni, siyo kwa kelele."

Clemensi alishuka na kidole kwenye ukurasa. Sylvesta, mtumishi wa serikali, anatoka Dar es Salaam, anakwenda: kazini. Aliingia tarehe 10 Aprili, saa kumi jioni.

Alisoma tena. Tarehe 10. Jumatatu. Barua ilitumwa Jumanne.

"Mama Eunike, hii tarehe ni sahihi?"

"Mimi nikikosea tarehe si wewe huyo huyo unanitoza faini?" Alifuta kisu kwenye aproni. "Na yule binti wa kafe mmemfanyaje? Ndiye alikuwa ananisomea barua za mwanangu wa Uholanzi. Na mimi jina langu limo humo kwenye daftari lenu."

Clemensi alichomoa kijitabu chake. Alinakili mstari wa chumba namba sita, akaondoka.

*

Njia ya kuteremka Mang'ola ilikuwa vumbi na mawe, na malori ya vitunguu yalipanda yakilia. Clemensi alifika saa sita na nusu. Kando ya Mfereji wa Tatu, chini ya turubai la bluu, wanawake wapatao ishirini walikuwa wamekaa kwenye magunia wakikata majani ya vitunguu. Mfereji wenyewe ulikuwa na maji ya kulowanisha kifundo tu. Alizima pikipiki, akatazama mikono kabla ya nyuso. Kila dole gumba la kulia lilikuwa na kovu la mshazari.

"Saita," aliwaamkia kwa Kiiraqw, akaitikiwa na wote. "Namtafuta Antonia Qamara."

Kicheko kikapita chini ya turubai.

"Jana pia walikuja," alisema mama mmoja mfupi mwenye kilemba cha njano, bila kuacha kukata. "Walikuwa na miwani ya jua. Wakauliza, nani hapa ni Antonia anayejua kompyuta? Tukasema, huyo hatuna. Na kweli hatuna! Wangeuliza Antonia tu, ningesimama."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Margwe. Endabash."

"Margwe yule mwenye ng'ombe asiye na mkia?"

"Ndiye baba yangu."

"Ng'ombe mkorofi yule, alikula nguo zangu mwaka wa njaa. Haya, kaa."

Clemensi alikaa kwenye gunia, akafungua kijitabu, akaanza na siku nane. Antonia alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma vizuri. Kisha aliingiza mkono chini ya gunia lake, akatoa kopo la maziwa ya unga, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na ufunguo wa kufuli kubwa, muhuri wa mpira, na kipande cha daftari la shule kilichokunjwa.

"Ufunguo ni wa lango la maji," alisema. "Kitunguu kinataka maji kila siku ya nane. Kwa hiyo mtu anashika lango siku nane, maji yanazunguka mashamba yote, halafu anamkabidhi mwingine. Yohani, akaja Isaya, akaja Goodness, akaja Veronika, akaja Sebastian, nikaja mimi. Siku ya kukabidhi, unapanda lori kwenda Karatu kuuliza bei. Zamani tulikuwa tunauliza kwa simu, madalali wanatudanganya. Jackline akatufungulia anwani ya mfereji. Neno la siri liko kwenye karatasi hiyo. Anayeshika lango anashika kopo lote."

"Na barua?"

"Ilianzwa na Yohani. Alimwambia Jackline aandike maneno yake, lakini asiitume. Ikae humo. Isaya akaja akaongeza yake. Goodness akaongeza. Mfereji ni wa wote, mtu mmoja hawezi kuusemea. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho kwa hao wanaopata maji, maana baada yangu mashamba ya chini yote yamekauka, hakuna wa kumkabidhi. Ndiyo maana kopo bado liko kwangu. Nikamwambia Jackline asome yote kuanzia juu. Akasoma. Nikasema, tuma."

Clemensi alitoa nakala ya barua. Aliisoma upya akiwa amekaa pale, aya moja moja. Ya kwanza ilisema kama mzee wa kanisa. Ya pili ilihesabu kwa magunia. Ya tatu ilikuwa kali na fupi. Ya nne ilitaja watoto wanaochota maji saa kumi alfajiri. Ya tano ilieleza picha. Ya sita ilikuwa na sentensi moja: Sisi tupo hapa, njooni mtazame. Kitengo kizima kilikuwa kimeisoma kama barua ya mtu mmoja.

"Mama, mngeweza kuandika majina yoyote. Kwa nini mliandika ya kweli?"

Wanawake waliacha kukata. Antonia alimkodolea macho, kweli hakulielewa swali.

"Kwenye mfereji anayeficha jina hapati maji. Zamu inasomwa kwa jina. Tukaona na la mjini ni daftari la zamu."

Visu vikarudi kwenye majani.

"Sasa sikiliza nikueleze nilivyobanwa," alisema Clemensi. "Nikiandika kwamba majina ni ya kweli, Jackline hakughushi. Lakini Landkruza itateremka hapa kesho kuwazoa sita. Nikiandika ni ya uongo, nyinyi mko salama na yeye anakwenda. Jibu lolote nitakalopeleka, yule Bwana ana mtu wa kufunga. Ndiyo maana alitaka anayesema Kiiraqw."

Antonia alifunga kopo. "Huyo msichana amekula?"

"Chai."

"Chai." Alisimama, akakung'uta maganda kwenye kanga. "Pikipiki yako inabeba mtu mzito?"

*

Saa kumi na moja kasoro dakika tano waliingia kituoni, wote wawili weupe kwa vumbi. Mkuu wa kituo alikuwa ibadani. Alikuwa amemwachia Clemensi zamu ya kaunta kuanzia saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili kamili. Bwana Sylvesta alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, akipangusa kiatu kwa karatasi.

"Umeniletea nani, Sajini?"

"Antonia Qamara. Wa daftarini."

Clemensi hakupoteza muda. Alibonyeza dole la Antonia kwenye karatasi, akaweka kando ya daftari, akamsogezea Sylvesta lenzi. Kovu kubwa, kovu dogo, kovu dogo. Hata asiye polisi angeona.

"Jina ni la kweli. Binti hakughushi kitu. Shtaka lako limekufa."

"Vizuri sana," alisema Sylvesta, na alitabasamu kama mtu aliyeletewa chakula alichoagiza. "Basi na wale watano ni wa kweli. Asante, Sajini. Kazi nzuri."

"Sijamaliza. Mama, toa kopo."

Antonia alitoa muhuri. Clemensi aliugonga kwenye pedi, kisha kwenye karatasi: Kikundi cha Watumia Maji, Mfereji wa Tatu, Mang'ola, na namba ya usajili chini yake.

"Anwani iliyotuma barua siyo ya mtu. Ni ya kikundi kilichosajiliwa. Nimeusoma Waraka wako wote jana usiku, mpaka nyuma. Aya ya tisa. Taasisi, chama au kikundi kilichosajiliwa kitatakiwa kujieleza kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Haisemi kukamata. Andika barua yako, Bwana. Watakujibu."

"Kwa zamu," alisema Antonia.

Sylvesta aliacha kupangusa kiatu. "Huyu bibi anajua anaongea na nani?"

"Sijui, baba. Wewe jina lako hujaliandika popote."

"Ameandika," alisema Clemensi. "Kitabu cha wageni, chumba namba sita, Jumatatu tarehe kumi. Barua imetumwa Jumanne tarehe kumi na moja. Ulikuwa umekaa hapa Karatu unaisubiri. Godson alikuambia tarehe tatu, lakini barua isiyotumwa siyo kosa, basi ukangoja iwe kosa. Nimeyaandika kwenye ripoti, na mstari wa kitabu nimenakili. Nakala moja imo ndani ya jalada, nyingine haimo."

Nyuma ya ukuta Jackline alikohoa.

"Sawa," alisema Sylvesta polepole. "Mfereji wako nitauandikia. Lakini binti ndiye aliyechapa. Kusaidia kutuma ni kosa la peke yake, na yeye hana muhuri. Hayo mengine utabishana nayo Jumanne, ofisi zikifunguliwa. Saa kumi na mbili anaondoka na mimi."

"Kosa hilo lina dhamana ya polisi."

"Ya wadhamini wawili. Wakazi wa Karatu mjini, wenye kazi inayojulikana, waje wenyewe, wasaini wenyewe, kabla zamu yako haijaisha." Alitazama saa yake, akatazama vumbi kwenye kilemba cha Antonia. "Huyu wa Mang'ola hahesabiki. Na mjini hapa, Sajini, jana mtaa mzima uliona. Umemwona nani amekuja kuuliza?"

Clemensi aliinua simu ya kaunta. Alimpigia Godson. Ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena, ikawa imezimwa. Alimpigia Eunike.

Eunike alifika saa kumi na moja na nusu na aproni yake ya maua, mikono inanukia vitunguu saumu. Alivua miwani, akaivaa, akauliza asaini wapi. Sylvesta alimwambia kwa upole kwamba nyumba za wageni nazo zinahitaji leseni. "Najua," alisema Eunike. "Na maji ya moto leo hakuna." Akasaini mstari wa kwanza, polepole, herufi kwa herufi, jinsi Jackline alivyomfundisha. Kisha akakaa kwenye benchi kando ya Antonia, na wale mama wawili wakatazama mlango.

Na mimi nautazama. Mimi sina mkono wa kusaini ila huu wako.

Saa ya ukutani inasema kumi na moja na dakika arobaini na mbili. Nje Landkruza imeshawashwa, dereva anakanyaga mafuta bila kwenda popote. Fomu ya dhamana iko wazi kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibiwe. Mstari wa kwanza una jina. Mstari wa pili mtupu.

Wewe ni mkazi wa Karatu mjini. Kazi yako inajulikana, mimi mwenyewe naijua. Kutoka hapo ulipokaa mpaka kituoni ni dakika saba kwa miguu, na kitambulisho kiko mfuko wa nyuma. Daftari lao umelisaini mara nne bila kuuliza linakwenda wapi. Hii ni mara moja, na unajua inakwenda wapi: ukuta wa nyuma wa kaunta, benchi la mwisho, msichana mwenye kanga ya kuazima.

Usiiname tena. Hivyo viatu havina kamba. Inuka uende, sasa hivi, ukaandike jina lako.